Morse hufundishwa kwa sikio

Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto wa Jumapili iliyopita ulitoa jedwali la msimbo wa Morse na kuwataka wasomaji wageuze maneno ya Kiingereza kuwa nukta na vistari. Mjukuu wangu alifanya zoezi lote kwa penseli, akapata yote. Nilipompigia neno mojawapo kwa mluzi, hakulitambua.

Mimi nilikuwa opereta wa redio melini. Kazini hatukusema nukta wala kistari, tulisema di, yaani mlio mfupi, na da, mlio mrefu. Da ni ndefu mara tatu ya di. Ndani ya herufi, baina ya mlio na mlio, unanyamaza kwa muda wa di moja, baina ya herufi na herufi di tatu, baina ya neno na neno di saba, na kwa kimya hicho msikilizaji ndipo anapojua neno limeishia wapi. Anayehesabu nukta, neno la pili humpita angali anatafuta la kwanza. Mwenye sikio huipokea herufi nzima kwa mara moja: di-da-di-di, ni L, basi.

Tena, jedwali lile lilipimwa kwa Kiingereza. Alfred Vail, mwenzake Samuel Morse, aliangalia wapiga chapa wanaweka akiba ya vipande vingapi vya kuchapia kila herufi. E, inayotumika kupita zote katika Kiingereza, ikapewa di moja. T ikapewa da moja. A, iliyojaa tele katika Kiswahili, ni di-da. Ndiyo maana "tea" huchukua muda wa di 15, na "chai" 35. Lakini "mama" ni 33, "mother" 51! Tena "mama" inaimbika: da-da, di-da, da-da, di-da.

Meli ziliacha kutegemea Morse mwaka 1999, ni kweli. Ila mitambo ya redio inayoongoza ndege bado hujitambulisha kwa Morse, na rubani huisikiliza ili ahakikishe anafuata mtambo sahihi.

Kwa hiyo naomba Jumapili ijayo mchapishe di na da. Watoto wakae wawili wawili, mmoja apige mluzi, mwenzake aandike bila kutazama jedwali. Waanze na E, I, S, H, ambazo ni di moja hadi nne, kisha T, M, O, ambazo ni da moja hadi tatu. Kwa herufi hizo saba tu watapiga "moto", "moshi" na "shimo". A waipate wiki inayofuata.

Opereta mstaafu,
Tanga