Rezini ikishajaa, shaba inaenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Mwenye foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) wa mtaa wetu hapa Katuba amefunga chujio jipya. Bei ya bidoni la lita 20 imepanda, na mlangoni ametundika kibao: "Maji yasiyo na madini". Na chujio lenyewe sina ugomvi. Siku fundi alipolifungua alinimwagia kiganjani punje chache za rangi ya asali, ndogo kama ulezi, zenye unyevunyevu.

Punje hizo, ziitwazo rezini, ni plastiki: polistireni iliyopachikwa vikundi vya sulfoni vyenye chaji hasi, kila kimoja kikiwa kimeshika ioni (chembe yenye chaji) ya sodiamu, ile ya chumvi ya jikoni. Maji yenye shaba yakipita, ioni moja ya shaba inaingia, sodiamu mbili zinatoka. (Mwenye presha aambiwe hilo.) Rezini za kwanza za kubadilishana ioni, za plastiki ya aina nyingine, zilianza Uingereza mwaka 1935, kwa hiyo si maajabu mapya, ila kazi zinafanya. Sufuria haiwezi: ukichemsha, maji yanapungua na shaba inabaki palepale. Klorini nayo inaua vijidudu tu.

Lakini maji yetu ya chini yanapita kwenye mwamba wa dolomia. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Kalsiamu na magnesiamu zinagombea nafasi zilezile. Kwa hesabu za vitabu, lita moja ya rezini inaweza kubeba gramu 60 hivi za shaba. Hapa kwetu viti vingi vinakaliwa na hizo mbili kwanza. Zipo rezini nyingine, za iminodiasetati, zinazoipendelea shaba kuliko kalsiamu, nazo ni ghali zaidi. Nilimuuliza mwenye foraji yake ni ipi. Akajibu: "Ya Afrika Kusini."

Kilichonifanya niandike ni Jumapili asubuhi. Rezini ikijaa huoshwa kwa maji ya chumvi, ili sodiamu irudi mahali pake na metali zitoke. Kijana wa foraji anakoroga chumvi kwenye ndoo, anaimimina juu ya chujio, kisha mpira unatema kila kitu kwenye mfereji wa barabara. Kingo zimekuwa nyeupe, na lengalenga (mchicha) za mama jirani zimekauka. Metali iliyokuwa imetawanyika katika maelfu ya lita inatoka kwa ndoo tatu nne, mbele ya watoto wanaocheza. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na kando ya Kafubu ndiko zinakotoka mboga tunazokula.

Nilimweleza kijana huyo. "Papa, chumvi ni chumvi tu," akasema.

Basi ninaomba wa komini (serikali ya eneo letu) wafanye mambo mawili. Kila anayeuza maji abandike mlangoni tarehe na matokeo ya kipimo cha maji yanayotoka kwenye chujio, si yanayoingia. Shirika la Afya Duniani linaruhusu shaba isizidi miligramu 2 kwa lita, na risasi (metali ya ledi) isizidi 0.01, mteja ajisomee mwenyewe. Pili, maji ya kuoshea yakusanywe kwenye pipa na kutiwa chokaa hadi shaba na kobalti zitulie chini kama tope. Katika mji huu wa mashaba hatukosi watu wanaojua la kulifanyia tope hilo. Chokaa tunayo, na pipa la kuanzia nitalitoa mimi.

Mkazi wa Katuba,
Lubumbashi