Barua ya wazi kwa walimu wakuu: simu zenu zinapeleka taarifa juu, zinawarudishia nini?

Wadogo zangu na wanangu mnaoongoza shule za msingi na sekondari,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Sina cheo cha kulinda wala taarifa ya kupeleka halmashauri, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Majuzi mmoja wenu alinionyesha grupu la WhatsApp la walimu wakuu wa kata yao. Asubuhi: takwimu za mahudhurio zitumwe kabla ya saa nne. Mchana: picha za madawati yaliyotengenezwa. Jioni: waraka, umerushwa mara mbili. Chini ya kila ujumbe, safu ya majibu: Imepokelewa. Imepokelewa. Nimepokea mkuu, asante. Nikapandisha juu, nikapandisha tena, nikitafuta mahali mwalimu mkuu mmoja amemwuliza mwenzake, "Wale wa darasa la tatu wasiojua kusoma, wewe umewafanyaje?" Sikupaona.

Sisemi hamjui teknolojia, na anayesema hivyo hajawajua. Mwalimu mkuu wa leo anaingia FFARS kwa hesabu za fedha, PReM kwa kumbukumbu za wanafunzi, NeST kwa manunuzi, ESS kwa likizo na mambo yake ya utumishi. Wakati wetu mtu mwenye ujuzi huo angehamishiwa makao makuu kesho yake. Ila tazameni vizuri: mifumo yote hiyo ni ya kutoa taarifa shuleni na kuipeleka juu. Ule unaokuletea wewe kitu kipya kichwani, ukakufanya uongoze tofauti na mwaka jana, ni upi?

Vishikwambi mlipewa, vikiwemo vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vingine vinafanya kazi, Mungu awabariki wanaovitumia. Vingine nimeviona kwenye kabati la ofisi, vimefungwa na karatasi zake, kwa sababu mkuu anaogopa kikipotea atadaiwa. Hofu hiyo naielewa. Lakini kifaa kisichopotea kwa kuwa hakitumiki, mimi nakihesabu kimepotea.

Nchi hii iliwahi kuendesha elimu kubwa kwa kifaa duni kuliko simu yako. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja, kikundi cha watu chini ya mti au darasani, kitabu kidogo mkononi mwa kiongozi wa kikundi. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, mazungumzo yanaanza: kwetu hapa malaria inatoka wapi? Nani ana choo, nani hana? Kisha wanakubaliana kazi ya kufanya, dimbwi linafukiwa, choo kinachimbwa. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Na baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, walimu makumi ya maelfu waliandaliwa wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio na msaada wa waratibu waliowatembelea. Wapo wanaowacheka walimu hao wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, hadi leo. Mimi siwacheki, wengi wenu mmefundishwa kusoma nao.

Angalieni muda ulivyogawanywa pale. Redio ilisema kidogo, watu wakazungumza zaidi, kisha wakaenda kufanya. Siku hizi mtu anatazama mafunzo ya mtandaoni kwa saa mbili huku kamera imezimwa na mke au mume anauliza chumvi iko wapi, anapata cheti, anakituma kwenye grupu, anapongezwa. Jumatatu shule ni ileile.

Utaratibu wa kufanya vizuri mnao tayari. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imewawekea Jumuiya za Ujifunzaji, walimu wakae pamoja shuleni wajifunze, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wake wa kujifunzia mtandaoni wenye moduli za walimu. Tatizo ninaloliona ni mkuu kumkabidhi mtaaluma, yule mwalimu wa taaluma, jumuiya nzima, yeye akabaki kusaini mahudhurio. Mwalimu, ukae pale. Ukae na daftari kama wengine, na siku moja useme mbele ya walimu wako, "Hapa sijaelewa, nisaidieni." Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 ni mgeni kwako kama ulivyo mgeni kwao, na walimu wanalijua hilo hata ukijifanya vingine.

Niwape kazi mbili za kuanzia, maana ushauri usio na kazi ni hotuba.

Ya kwanza iko kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani. Matokeo yakitoka, wote mnakimbilia ukurasa wa shule yenu, kisha ukurasa wa shule ya jirani ili kujua mmemzidi au amewazidi. Kwenye tovuti hiyohiyo kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, za kupakua bure. Zinaeleza swali lilipima nini, watahiniwa walifanyaje, walikosea wapi na kwa nini. Nyingine zina nakala za majibu yenyewe, kwa mwandiko wa mtoto: huyu alipata, huyu alikosa. Pakua ya hisabati. Usiirushe kwenye grupu, itakufa huko. Kaa na mwalimu wa hisabati na madaftari ya wanafunzi wenu, chukueni swali moja, mtafute kama kosa lile liko kwenye madaftari hayo. Nadhani mtalikuta. Sasa una jambo la kuongoza, na hukulipata kwa semina ya posho.

Ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Unakwenda darasani kumwona mwalimu akifundisha, kisha mnakaa ofisini kuzungumza. Mwombe ruhusa, weka simu mezani, rekodi mazungumzo hayo. Mwambie wazi kwamba unajirekodi wewe, yeye hapimwi, na hakuna mwingine atakayesikia bila yeye kukubali. Jioni, watoto wakilala, weka vipokea sauti masikioni usikilize.

Utajisikia. "Mwalimu, andalio lako halina tarehe. Mwalimu, zana ziko wapi? Ubao ugawe vizuri. Azimio la kazi limesainiwa? Haya, kwa ujumla umejitahidi, endelea hivyo." Chukua saa, pima dakika ulizoongea wewe na alizoongea yeye. Halafu sikiliza tena ukitafuta kitu kimoja tu: ni wapi mmemtaja mtoto? Yule aliyekaa nyuma karibu na dirisha, aliyenakili kila kitu na hakuelewa lolote, ametajwa? Kuna wakuu hodari kabisa, wenye shule safi na miti imepangwa mstari, watakaosikiliza rekodi nzima wasimkute mtoto ndani yake. Mara inayofuata jaribu kuanza na swali: "Nani hakuelewa leo, na umejuaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakosumbua, hasa kwa sisi tuliozoea kusikilizwa.

Ukipata mkuu mwenzako unayemwamini, hata wa mkoa mwingine mliyesoma naye ADEM Bagamoyo, kwenye chuo cha uongozi wa elimu, na mwalimu wako akiridhia, mtumie kipande kifupi, naye akutumie chake. Mkisikilizana nyinyi wawili mtajifunza mengi kuliko grupu lenye watu mia mbili na hamsini.

Kuhusu akili mnemba sitasema mengi. Najua baadhi yenu mnaandikiwa nayo Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule, nao unatoka umenyooka hivi kwamba ungefaa shule yoyote, Kibondo au Kinondoni. Andika mpango wako kwanza, hata kwa Kiswahili cha haraka, kisha uiambie programu ikuulize maswali kumi magumu ambayo Mthibiti Ubora wa Shule angeyauliza. Hapo itakufaa. Ikikutajia waraka au kifungu cha sheria, kautafute waraka wenyewe, kwa maana hutunga bila aibu. Na majina ya watoto, alama zao, habari za mimba au ugonjwa wao, usiviweke humo, wala kwenye grupu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haikuwasahau walimu wakuu.

Maafisa elimu mtakaosoma hii, nanyi nina neno lenu. Mnapotuma maagizo usiku wa saa nne na kutaka majibu kabla ya saa moja asubuhi, mnawafundisha wakuu kwamba simu ni kengele. Tengeni grupu la maagizo, liwe na saa zake. La kujifunza liwe lingine, dogo, nanyi mkiwemo muwe wanafunzi. Na mafunzo ya mtandaoni msiyaweke saa mbili usiku mkadhani mmewarahisishia watu. Mkuu wa shule mwanamke saa hiyo yuko jikoni, au ananyonyesha, kisha mnaandika kwamba wanawake hawashiriki.

Bando ni gharama, najua, na kuna shule ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu. Mnapokwenda mjini benki, pakueni moduli na zile taarifa za NECTA, mziweke kwenye kishikwambi, msome mkirudi bila mtandao. Yule mwenye mtandao mzuri awapakulie wenzake wa kata, awagawie kwa flashi.

Kikao kijacho cha wakuu wa kata, ombeni nusu saa ya mwisho, kabla watu hawajaanza kutazama saa za magari. Kila mmoja aje na swali moja la NECTA na madaftari matano ya wanafunzi wake. Simu ziwe mezani, zimefunguliwa kwenye ile taarifa ya uchambuzi. Afisa Elimu Kata akikataa, kutaneni kwa mama ntilie.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu