Mwanza tutengewe njia ya kupunga upepo ziwani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nilisemee hili la watu wa Mwanza kukosa sehemu ya kutembea kando ya ziwa, maana kila ukipita unaona ukuta mwingine umeongezeka na mtu wa kawaida anazidi kusogezwa mbali na maji. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, na nikifika kwenye neno kama promenade inabidi nimchoree mtoto ubaoni, mtoto aliyezaliwa Igogo au Kirumba, ziwa analiona kila siku, ila pa kumpeleka nikamwambia hii ndiyo yenyewe sina.

Neno lenyewe Waingereza walilichukua kwa Wafaransa karne ya 16. Mwanzo lilikuwa linataja ule mwendo, mtu anatembea taratibu bila haraka, anapunga upepo, anaonana na watu. Baadaye likahamia kwenye njia yenyewe, pana, tambarare, mara nyingi pembeni ya maji. Halafu likaingia mpaka kwenye dansi, mnashikana mikono wawili wawili mnazunguka uwanja kwa hatua za kutembea, na kule Marekani dansi ya wanafunzi wanaomaliza sekondari inaitwa prom, ni neno hilohilo limekatwa. London nako mwaka 1895 walianzisha matamasha ya muziki kwenye ukumbi wa Queen's Hall, kiingilio cha chini ili na wenye kipato kidogo waingie, msikilizaji ruksa kusimama na kuzungukazunguka orkesta ikipiga, yakaitwa promenade concerts, na mpaka leo yapo, ila yalihamia Royal Albert Hall baada ya ule ukumbi wa kwanza kupigwa bomu mwaka 1941.

Kutembea, njia na kucheza vyote ndani ya neno moja, na wala sio mambo ya Wazungu peke yao. Sisi Wasukuma tunajua kabisa kutembea na ngoma vinaendana. Kwenye mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, na watu wake, na watazamaji hawakai kwenye viti, wanahama, wanaenda kuangalia bugobogobo, ngoma ya jembe, upande huu na majembe yanavyorushwa, wakisikia kelele kule wanakimbilia kule, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Yaani miguu ya watazamaji ndiyo inayopiga kura! Mtu akitaka aone aende Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita. Na huko pwani watu wa ngoma ya beni walikuwa wanacheza kwa mwendo wa gwaride barabarani na matarumbeta, mji mzima unawafuata nyuma. Kwa hiyo hamu ya kutembea pamoja na kucheza tunayo, kinachokosekana ni sehemu.

Sasa angalieni vijana wanafanya nini wikiendi. Wanaenda moli. Wengi hawanunui kitu, wanatembea tu, wanapanda ngazi wanashuka, wanapiga picha, kwa sababu ndiyo sehemu yenye sakafu tambarare, mwanga na usalama. Siwalaumu hata kidogo. Ila hilo neno mall lilianzia nje, kwenye hewa. Kulikuwa na mchezo wa kupiga mpira kwa nyundo ya mbao uliotoka Italia, London wakatengeneza viwanja virefu vyembamba vya kuuchezea, na cha Mfalme Charles wa Pili pale St James's Park kilipandwa miti pembeni, mchezo ulipopoa watu wakabaki wanatembea chini ya ile miti. Kwa hiyo mall ikawa njia ya matembezi yenye kivuli, maduka yamekuja juzijuzi tu karne ya 20. Hata esplanade, ule mwanzo ulikuwa uwanja mtupu nje ya ngome ya jeshi ili adui asipate pa kujificha, vita vilipopungua raia wakaugeuza wa kupunga upepo. Ninachotaka wasomaji wakione hapo ni kwamba wenzetu walikuwa wanapata mahali, hata pa jeshi, wanapaachia watu wapite, sisi tunaenda kinyume, palipokuwa pa watu panafungwa geti.

Kuna habari moja ya mji wa Nice, Ufaransa, naipenda sana. Miaka ya 1820 baridi kali iliua mazao ya machungwa, watu wakakosa kazi wakajaa mjini wakiomba. Waingereza waliokuwa wanaenda kukaa huko kipindi cha baridi, wakiongozwa na mchungaji Lewis Way, wakachanga pesa wakawalipa wale watu wajenge njia ya miguu kando ya bahari. Ilikuwa nyembamba, mita kama 2 hivi, leo ni Promenade des Anglais na dunia nzima inaijua. Lakini miaka hiyohiyo, 1824, Uingereza ikatunga sheria ya kuwakamata wazururaji, na fikra ile ndiyo mkoloni alituletea hapa, ikaingia kwenye Kanuni ya Adhabu yetu. Kule Nice akaacha njia ya kutembelea, kwetu akaacha kosa la uzururaji. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu mpaka leo kijana akikaa jioni kwenye jiwe anaangalia maji kuna mtu atamuuliza unafanya nini hapa.

Wapo watakaosema ufukwe wetu ni mgumu, mawe, mafunjo, matope, kichocho. Ni kweli. Atlantic City kule Marekani shida yao ilikuwa mchanga, wageni walikuwa wanauingiza kwenye mahoteli na mabehewa ya treni, wakatandika mbao mwaka 1870 watu wapite juu, ikawa boardwalk. Kwetu njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya mafunjo ingemuepusha mtoto kukanyaga maji yenye kichocho, na mafunjo yenyewe yangebaki salama maana samaki wanazaliana humo, tofauti na kumwaga kifusi.

Na ardhi ipo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mita 60 ni nyingi! Njia ya miguu ya mita 4 inakaa humo na nafasi inabaki ya miti. Naomba halmashauri za Nyamagana na Ilemela zikae pamoja zianze hata na kipande cha kutoka kwenye kivuko cha Kamanga hapa mjini, pale Jiwe la Bismarck linapoonekana vizuri, kwenda Capri Point, ambako jioni watu tayari wanatembea na kukimbia ila tunagawana barabara na magari na bodaboda, mama na mtoto mgongoni anarukia pembeni kila honi ikipigwa.

Taa ziwe za kutosha, wanawake watembee saa moja usiku bila hofu. Kusiwe na ngazi, mwenye kiti cha magurudumu naye apite. Wauza mahindi na dagaa wapewe sehemu yao wasifukuzwe. Na katikati paachwe duara la udongo, sio tailizi, kwa sababu ngoma ya jembe haichezwi kwenye tailizi, vikundi vya mbina, ngoma zetu za Kisukuma, vije Jumapili kwa zamu. Kama pesa za ujenzi bado, sawa, tutasubiri, tutatembea kwenye vumbi, ila vibali vya kuzungushia ukuta mpaka majini visimame kuanzia sasa.

Mwalimu, mkazi wa Igogo
Mwanza