Gari Likichemsha, Kiache Kifuniko cha Rejeta

Kila msimu wa jua kali tunapokea gereji magari yaliyochemsha njiani, na mara moja moja mwenye gari anakuja amefungwa bandeji mkononi. Gari tunaweza kulimaliza siku hiyo hiyo. Mkono hatuna la kuufanya.

Kosa huwa ni lile lile. Mshale wa joto umepanda, mvuke unafuka kwenye boneti, dereva anashuka na chupa ya maji na kukimbilia kifuniko cha rejeta. Sasa, maji yaliyomo humo si kama ya sufuria. Mfumo umefungwa na una presha, na presha hiyo inayafanya yapite nyuzi joto 100 bila kutokota. Ukilegeza kifuniko tu, presha inashuka ghafla, maji yanageuka mvuke na kukurukia. Kitambaa ulichoshikia hakikuokoi. Kinaloa na kugandia ngozi. Mimi nililijua hili nikiwa bado najifunza ufundi, na kovu ninalo mpaka leo, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Ukiona mshale unapanda, zima AC, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho. Utatoka jasho kweli, lakini hita inavuta joto la injini. Mshale usiposhuka, toka barabarani, zima injini na usubiri angalau nusu saa. Usiimwagie injini maji ya baridi, maana silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, inaweza kupasuka, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Angalia pia unaposimama. Ekzosi ya gari lililotoka safari ina moto wa kutosha kuwasha nyasi kavu zilizo chini yake. Tafuta lami au udongo mtupu.

Na mnapongoja, asibaki mtu ndani ya gari, hasa mtoto. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, na kushusha kioo kidogo hakupunguzi la maana. Mwili wa mtoto unapata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Kaeni kivulini na maji ya kunywa yawe karibu. Tunaambiwa sana "nilimwacha dakika moja", na dakika hiyo, kwa uzoefu wetu, haijawahi kuwa moja.

Kabla ya safari ndefu tunapima presha ya mfumo wa kupooza injini, tunakagua feni, belti, mipira ya maji na kulanti (maji maalumu ya kupooza injini), kisha betri, kwa sababu joto huila kimyakimya. Upepo wa tairi tunaupima tairi zikiwa za baridi. Zikishapata moto kipimo kinapanda na kukudanganya.

Lete gari asubuhi, kabla halijatembea sana. Ukilileta linachemka tutakupa kiti kivulini na kusubiri pamoja nawe, maana hata sisi mafundi hatukifungui kifuniko hicho kikiwa cha moto.