Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu huku Marekani, wazee wetu, kina mama, na vijana wetu wa vyuoni,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni kwa safari, hasa mliotoka Washington na Richmond alfajiri. Tulipanga viti 80. Nimehesabu waliokaa: 23, pamoja na watoto wanne. Jambo hili nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mwezi Machi tulifuturu pamoja, Agosti tukapokea wanafunzi wapya, tukachanga kwa misiba mitatu na harusi mbili, na darasa la Kiswahili la watoto likaendelea vizuri hadi mwalimu alipohamia Ohio. Michango ya misiba na harusi ilikwenda moja kwa moja kwa wahusika, haikupitia kwenye hazina. Katibu ana kumbukumbu zote.

Sasa nije kwenye lile lililowaleta wengi wenu. Ajenda namba 5 imeandikwa "Mengineyo", lakini sote tunajua mengineyo ni nini. Ni Greensboro, mji wa North Carolina tulikoyapeleka mashindano yetu badala ya Charlotte, na malalamiko yaliyofuata.

Kamati tendaji ina wajumbe tisa, na akidi ni watano. Kikao cha kuchagua mji mwenyeji wa mashindano yetu ya mpira wa kikapu kilikuwa Jumapili ya tarehe 9 Februari, saa nane mchana. Taarifa ilitumwa kwa barua pepe na kukumbushwa mara tatu kwenye kundi la WhatsApp. Tulifika watano. Baadaye nikaambiwa siku ile kulikuwa na fainali ya futboli ya Kimarekani. Sikatai, ila mpira ule ulianza saa kumi na mbili unusu jioni. Wajumbe wanne wakapiga kura, wawili Charlotte, wawili Greensboro. Kwa katiba yetu mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana. Zililingana, nikapiga. Wajumbe wawili wanaoishi Charlotte hawakuwepo: mmoja alikuwa kazini na aliomba udhuru, mwingine mpaka leo tunasubiri udhuru wake. Wangefika wote wawili, Charlotte ingepita kwa kura nne na mimi nisingefungua mdomo.

Kwa nini Greensboro? Tuna timu nane. Ya Washington ingesafiri maili 400 hivi kwenda Charlotte, na ya Atlanta 245 tu. Ukiyaleta mashindano Greensboro, Washington wanatembea kama 310 na Atlanta kama 335. Usawa wa kukaribiana namna hiyo hauji kwa bahati, nilikaa na ramani usiku mzima. Raleigh na Charlotte kila mmoja ana mwendo wa saa moja na nusu, hapungukiwi kitu. Aliyeumia ni Columbia wa South Carolina, ambaye safari yake imeongezeka mara mbili. Hilo nalikiri.

Lakini umbali ni nusu ya hoja. Ukumbi uliopendekezwa Charlotte ni uleule ambamo timu ya Charlotte hufanya mazoezi kila Jumamosi. Wanajua hadi ubao upi unalia ukiukanyaga. Wasimamizi wa michezo ya vyuo nchini humu, NCAA, wana kanuni kwenye mashindano yao ya taifa ya wanaume: ukumbi ambamo timu imecheza zaidi ya mechi tatu za msimu wa kawaida unahesabika kuwa nyumbani kwake, na timu hiyo haipangiwi hapo. Mimi nimefuata kanuni ya wenyeji wetu.

Na walijifunza kwa machungu. ACC, ligi ya vyuo vya pwani hii, ilianzishwa hapahapa Greensboro mwaka 1953. Kuanzia 1954 hadi 1966 mashindano yake yalichezwa kila mwaka Raleigh, kwenye ukumbi wa nyumbani wa chuo cha North Carolina State. Matatu ya mwanzo, bingwa alikuwa nani? Mwenye nyumba. Na siku hizo, aliyeshinda mashindano ndiye peke yake aliyeiwakilisha ligi kitaifa, wengine msimu umekwisha. Mwaka 1967 ndipo yalipohamishiwa Greensboro. Hata baada ya hapo ukatili haukwisha: mwaka 1974, chuo cha Maryland, kilichokuwa miongoni mwa timu bora nchini, kilifungwa fainali na North Carolina State 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, kikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata ligi moja ikaruhusiwa kupeleka zaidi ya timu moja. Kwa hiyo anayesema mahali pa kuchezea ni jambo dogo, aulize wazee wa Maryland.

Mjumbe mmoja ameniandikia kwamba Ivy League, ligi nyingine ya vyuo, huzungusha mashindano kwenye kumbi za vyuo vyenyewe na hakuna anayelia. Ni kweli wanazungusha. Lakini mwaka wa kwanza, 2017, Princeton walimaliza msimu wa ligi bila kufungwa, mechi 14 kwa 14, na zawadi yao ikawa nusu fainali dhidi ya timu ya nne, Penn, kwenye ukumbi wa Penn wenyewe, Palestra, Philadelphia. Princeton walishinda, ila kwa muda wa nyongeza. Mwingine ametaja ligi ya Big East, ambao hawajahama ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tangu 1983, ingawa chuo chao cha St. John's hucheza hapo mechi zao nyingi za nyumbani, na Machi mwaka huu wameshinda ubingwa hapohapo. Ni sawa, lakini wale wanauza tiketi za New York. Sisi tunauza maji na sambusa. (Wazee watakumbuka ukumbi huo ndiko kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, akiwa na chuo cha Connecticut, alipigana na Syracuse nyongeza sita mwaka 2009, wakafungwa 127 kwa 117. Sikulala usiku ule.)

Hoja kwamba ACC wenyewe wamehamishia makao yao Charlotte tangu 2023, na mwezi Machi 2026 mashindano yao yanarudi tena Charlotte, haitusaidii. ACC ya sasa ina timu 18, na Stanford ya California imo. Ligi ya Atlantiki yenye timu ya Pasifiki isitufundishe jiografia.

Sasa tatizo, ndugu zangu, ni kwamba timu ya Greensboro ilishinda. Na fainali iliwafunga Charlotte, pointi tatu. Mimi nifanyeje? Nilipopiga kura yangu mwezi Februari, Greensboro walikuwa hawajashinda mechi hata moja kwa miaka miwili. Kama ningekuwa na uwezo wa kuona mbele, ningecheza bahati nasibu, nisingegombea uenyekiti. Imesemwa kwamba nao walifanya mazoezi kwenye ukumbi tuliokodi. Nimefuatilia. Waliingia mara mbili, siku za mvua, kwa sababu kiwanja chao ni cha nje. Mara mbili ni chini ya tatu.

Imesemwa pia kuhusu chakula. Ndiyo, aliyepika ni shemeji yangu. Pilau, mishkaki na kachumbari kwa watu 120 kwa dola 1,150. Nionyesheni mpishi mwingine kati ya Richmond na Atlanta atakayewapa bei hiyo, nami nitajiuzulu kabla ya chai. Ukumbi ulikuwa dola 1,400, marefa 900, bima 385, vikombe na medali 260. Jumla 4,095. Timu nane zililipa dola 250 kila moja, ada za wanachama zikaleta 2,040. Pungufu ni dola 55, na hizo nilizitoa mfukoni mwangu. Sizidai, lakini risiti ninazo.

Mtaona basi kilipo kidonda. Tuna wanachama 146, ada ni dola 40 kwa mwaka, na waliolipa ni 51. Barua ya malalamiko kuhusu Greensboro ina saini 14. Mweka hazina amepitia majina: waliolipa ada ni watatu. Sisemi asiyelipa asilalamike, katiba haijasema hivyo, ingawa labda ilipaswa. Nasema tu kwamba barua ile ilichapishwa vizuri, kurasa mbili, kwa rangi.

Kwa ndugu zetu wa Columbia walioandika kutaka kujitoa, nawasihi. Chuo cha mji wenu, South Carolina, mwaka 1970 kilishinda mechi zote 14 za ligi, kikafungwa fainali 42 kwa 39 baada ya nyongeza mbili, na hiyo ilikuwa Charlotte, mnakumbuka? Mwaka 1971 kikachukua ubingwa Greensboro, kisha kikajitoa ACC. Sababu zilikuwa kadhaa, kanuni za kudahili wachezaji zikiwamo. Ninyi mmefungwa mara moja tu, tena robo fainali. Njooni tuzungumze, nitalipia mafuta ya gari moja.

Kuhusu mwakani, tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mfadhili, kuanzisha timu ya wasichana, na kuangalia uwezekano wa kuzungusha uwenyeji pale hali itakaporuhusu. Kamati ndogo itaundwa. Anayetaka kuingia ajiandikishe kwa katibu, awe amelipa ada.

Mwisho, kikombe cha mshindi wa pili, ambacho timu ya Charlotte ilikiacha mezani siku ile, kipo kwenye buti la gari langu. Nitaondoka hapa saa kumi na moja.

Mwenyekiti