Mdogo wangu, jiwe la Baba lingali karaini

Mdogo wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Picha za mawe ya Petoskey uliyoyaokota huko Michigan nimezitazama mara nyingi kabla ya kupata moyo wa kukujibu. Ni mazuri. Umeshangaa kwamba jiwe likikauka huwa la kijivu lisilo na lolote, na likilowa vijumba vyake vya pembe sita hujitokeza. Lakini si hilo ndilo Baba alilotuonyesha barazani, akichovya kipande cha tumbawe katika bakuli la maji? Mawe yako yana umri wa zaidi ya miaka milioni 350. Yake, yaliyotoka kwenye kifusi cha kisima kule Kisauni, yana zaidi ya miaka 100,000, ya zama ambazo bahari ilipanda kuliko leo. Yote ni matumbawe yaliyogeuka mawe, na yote ni chokaa.

Umeniuliza utayang'arishaje. Chokaa ni laini, kwa hiyo mikono inatosha. Anza na msasa wa maji namba 220 mpaka alama zote zitoweke, ndipo uingie 400, kisha 600, na kila unapobadilisha msasa uoshe jiwe, mikono na bakuli, kwa sababu chembe moja ya msasa uliotangulia huharibu kazi ya saa nzima. Lisikauke, usije ukavuta vumbi lake. Baba alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya jiwe, kwa kuwa kidole huona mkwaruzo ambao jicho limeuruka. Umalizie kwa poda ya kung'arishia juu ya kitambaa cha mahameli.

Usiguse asidi. Wewe hasa, usiiguse.

Siku moja kabla ya arobaini ya Baba nilirudi kutoka sokoni nikakukuta uani umechutama, mawe yake yote yamo karaini, nawe unayamiminia dawa ya choo. Yalikuwa yakichemka povu jeupe. Uliniinulia uso wenye furaha ukasema unayatakatisha ili wageni wayaone. Nilipoliopoa lile kubwa, mng'ao wa miaka ulikuwa umekwisha, limekuwa kama chaki. Nilipolia ukaniambia, "Dada, ni mawe tu."

Niliyokujibu mbele ya mashangazi yalikuwa makali, nakubali. Lakini nani aliyekaa na Baba kila alasiri, akimbadilishia maji, vidole vyake viliposhindwa kuushika msasa? Wewe ulikuwa safarini, na sikukulaumu kwa safari. Mtu aliyechoka kwa kuuguza hapimi maneno, na hata leo sioni ningesema nini kingine.

Sasa unataka nikutumie moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi hairuhusu visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, kutolewa nchini bila kibali, na sijakiomba. Usidhani nakunyima. Ningeweza kukiomba, hilo nalo ni kweli, na kila wiki najiambia nitakwenda.

Chumba chako nakifagia kila Ijumaa. Lile kubwa nililianza upya mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, watoto wakishalala. Upande mmoja nimeufikisha 600 na nyota zake zimerudi. Upande wa pili, ule ulioelekea juu siku ile, sijaugusa. Msasa wa 220 nimeuweka hapo kando ya karai.

Dada yako