Rajabu hajaiba, Mama

London, Jumapili usiku

Mama yangu,

Shikamoo. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Hela ya faini ya Rajabu nimeituma jana kwenye simu ya Shangazi. Baba Mkubwa asiulize kwa nini haikupitia kwake, anajua. Ile ya ziada mnunulie viatu akitoka.

Mimi mzima. Baridi ipo, kazi za usiku zipo, hayo tuyaache.

Maneno ya kikaoni ndiyo yamenikosesha usingizi, eti ukoo wetu haujawahi kutoa mwizi. Kaiba nini Rajabu? Kasimama pembeni ya barabara Kariakoo saa tatu usiku na kava zake za simu, anamsubiri mwenye mzigo. Hati ya mashtaka aliyonipigia picha inasema uzembe na uzururaji. Mlalamikaji hayumo, kilichoibiwa hakimo.

Na hilo kosa, Mama, nalijua lilikotoka, maana ndilo nililoliandikia tasnifu mwaka mzima. Ile tasnifu imepata alama za juu kuliko zote darasani, na mwalimu aliniita niwasomee wanafunzi wa mwaka wa chini yangu. Mtoto wa Ngamiani, Tanga, nikasimama nikawasomea Waingereza historia ya jiji lao! Natamani Babu angekuwepo.

Sheria yenyewe ilipita hapa London mwaka 1824. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi hawana kazi, watu wa mashamba wanamiminika mjini, na wenye nyumba nzuri hawakutaka kuwaona milangoni mwao. Ombaomba, na mchuuzi anayezunguka bila leseni, mwezi mmoja jela na kazi ngumu. Aliyelala nje hana pa kujikimu, au aliyeonekana barabarani "anashukiwa", miezi mitatu. Umesikia hapo, mchuuzi anayezunguka? Mwaka 1829 waziri wao wa mambo ya ndani, Robert Peel, akaanzisha polisi wa jiji, nao wakaikuta sheria inawasubiri. Baadaye Waingereza wakatuletea na sisi. Wakili afungue Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 176 na cha 177, ataikuta imekaa. Tena mwambie Mahakama ya Afrika, hapo hapo Arusha, Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Nitamtumia nakala.

Kila alfajiri basi linanishusha New Oxford Street. Maduka, vioo, taa. Barabara hii ilifunguliwa mwaka 1847, ikapasua katikati ya St Giles, mtaa wa maskini uliosifika kwa wezi. Walisema inapunguza msongamano wa magari ya farasi na inasafisha uchafu na uhalifu kwa pamoja. Nyumba zikabomolewa, waliofukuzwa hawakujengewa pa kwenda, wakajibana kwenye vichochoro vya jirani, chumba kimoja familia kadhaa. Wewe uliwaona mama ntilie wa stendi ya zamani walivyohamishwa, sina haja ya kukueleza zaidi. Napita pale nimebeba chai yangu ya kikombe cha karatasi, haina hata iliki, nawawaza hao watu kuliko ninavyowaza kazi ninayoiendea.

Mwaka 1889 mtafiti mmoja, Charles Booth, alianza kutoa ramani ya mitaa ya London, kila mtaa na rangi ya hali za watu wake. Matajiri njano. Maskini wa mwisho kabisa nyeusi, na maelezo ya nyeusi yanasema waovu, nusu wahalifu. Mtaa mzima! Mtoto aliyezaliwa humo jana yumo. Rangi hiyo ndiyo mliyompaka Rajabu kikaoni, na wewe Mama ulinyamaza. Hilo nalo limeniuma.

Sasa hiki kipande msomee Baba Mkubwa polepole. Julai 1862 mbunge mmoja, Pilkington, alikabwa usiku barabara ya Pall Mall akaporwa saa yake ya mfukoni. Magazeti yakawaka, na mwaka uliofuata Bunge likarudisha viboko kwa wakabaji. Mwaka 1866 kampuni ya fedha ya Overend, Gurney ikaanguka na madeni ya pauni milioni 11, watu wakafilisika. Wakurugenzi wakashtakiwa kwa udanganyifu, na Desemba 1869 wote wakaachiwa huru, wakarudi majumbani mwao mabwana vilevile.

Shamba la Babu la Pongwe liliuzwa na nani? Saini ya Bibi ilitoka wapi, wakati Bibi hajui kuandika? Kikao kile kile kilisema ni mambo ya karatasi tu, yatarekebishwa. Mwaka wa sita huu. Neno mwizi hakulitamka mtu, nami nilikuwepo, nimekaa mkekani karibu na mlango.

Rajabu akitoka apumzike kwanza, asiulizwe ulizwe. Mpikie samaki wa nazi. Halafu anipigie yeye mwenyewe, saa yoyote, hata kama huku ni usiku wa manane. Na ile picha ya hati ya Pongwe aliyokuwa nayo Shangazi, naomba anitumie wiki hii.

Mwanao,
Zuhura